Babu Yetu Mtambwe

Ko! Ko! Ko! Mpaka leo nakisikia kinu kidogo cha shaba cha Bibi, akitwanga iliki kila Ijumaa alasiri. Enzi zetu pale Baghdadiya, Jidda, mji mzima ulikuwa winchi na vumbi la saruji. Tulicheza nage katikati ya nondo, tukarudi weupe kama tumepakwa unga. Bibi hampi mtu kashata hivi hivi. Kila pigo la mchi, namtajia jina moja: "We Time, binti nani?" Ko! Kombo. Ko! Faki. Ko! Shaame. Ukikosea unaanza upya, na kashata unaitazama tu.

Mie nilidhani mchezo. Kumbe Bibi ana donda lake. Siku Baba alipokwenda kuchukua ikama, kile kitabu cha kibali cha kuishi, karani alimuuliza jina la babu yake. Baba, na Kiarabu chake cha kuokoteza, akadhani anaulizwa kwao wapi. Akajibu kwa madaha: "Mtambwe!" Kijiji chetu cha Pemba. Kikaandikwa.

"Kombo mwanangu, babu yako umemfuta, umeandika mikarafuu!"

"Mama, halas, wameshagonga muhuri."

"Muhuri unazaa?"

Basi akawa anatuhesabia Mtambwe nyumba kwa nyumba: kwa Shaame penye kisima, kwa Makame, kwa Bi Mize aliyezaa pacha mara mbili. Sijafika hata siku moja, lakini nikifumba macho naijua njia.

Baba alipopata kazi kwenye maghala ya Sulay tulihamia Riyadh. Bibi tulishamzika Jidda. Huku kashata ni za dukani, mtu anakula bila kuulizwa binti nani. Na watoto wa siku hizi! Mdogo wangu Hamadi, miaka minane, anayajua magari yote yapitayo, na video anaiwasha kwa kidole cha mguu. Juzi mwalimu kawaambia wachore ukoo. Kachora mzee mwenye kilemba, ndevu mpaka kitovuni, chini kaandika: Babu Mtambwe.

"Dada, alikuwa mkali?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. "Mtambwe ni kijiji, we! Babu yake Baba ni Shaame."

"Mbona kwenye ikama hayumo?"

Kicheko kikanikauka. Alinitazama kwa huruma, kama mimi ndiye nisiyejua, akakimbilia nje kucheza.

Nikaitoa ikama ya Baba kabatini. Nikachana kipande cha daftari, nikaandika kwa penseli: "Babu ni Shaame. Mtambwe ni kwao." Nikakikunja kidogo kidogo, nikakichomeka ndani ya jalada.