Masaa Mawili Tu Kutoka Hong Kong

Mama Ising, jirani yangu hapa Pasay, karibu na uwanja wa ndege, tuliyegawana naye ukuta, alikuwa na maneno yaliyonichosha masikio. Ndege hupita juu ya mabati yetu magurudumu yakiwa nje, tayari kutua. Kila aliposikia ile ya mchana ya Hong Kong, aliinua uso kutoka kwenye beseni la nguo.

"Masaa mawili tu," alisema. "Mwanao yuko Davao, humu humu nchini, lakini ukimtaka lazima apande meli, alale baharini. Wangu yuko karibu."

Wake alikuwa Marivic, mtoto wa pekee, mfanyakazi wa ndani huko Hong Kong kwa miaka tisa.

"Mbona haji basi?" nilimchokoza.

"Akiitwa asubuhi, cha mchana anakula hapa. Wewe una wivu."

Aliamini hivyo kabisa. Mumewe, Mzee Kadyo, aliamini kumshinda. Kila Krismasi alinyoa ndevu, akavaa shati la kanisani na kukaa mlangoni hadi wali upoe.

Machi, Kadyo akafariki. Marivic alilia kwenye simu: "Mama, msimzike baba bila mimi." Basi maiti ikatiwa dawa, jeneza likawekwa sebuleni, tukaanza kumngoja. Kwa desturi yetu, maiti ikiwa ndani, nyumba haifagiwi, wala chozi halidondoki juu ya jeneza, lisije likamwita mwingine kaburini.

Mwajiri wa Marivic alisema kwanza wageni wake waondoke. Wageni walipoondoka, mama wa huyo mwajiri akaugua. Sebuleni maganda ya karanga yalirundikana chini ya meza ya wacheza karata waliokesha nasi matangani.

"Mama Ising," alisema Temyo, mwenye mdomo kuliko wote, "wiki nyingine hivi tutalima mahindi humu."

"Ni masaa mawili tu, Temyo. Kunywa uji wako."

Nilipandwa na hasira. Nilitaka kumwambia kwamba ndege haijawahi kuwa shida, shida ni yule mwajiri aliyeshika ruhusa ya Marivic. Lakini macho yake yalikuwa barabarani, nikashindwa.

Mwishowe mtu wa majeneza akatuita pembeni. Uso wa mzee ulikuwa umeanza kubadilika, asingeweza kukaa tena.

Asubuhi ya mazishi Marivic akapiga simu ya video. Mama Ising akaishika juu ya kioo cha jeneza ili binti amwone baba yake. Marivic akaangua kilio, machozi yakimtiririka hadi kidevuni. Mama Ising akaivuta simu pembeni haraka, akaifuta kwa pindo la gauni.

"Angalia, mwanangu," alisema. "Yasimdondokee baba yako."

Hakuna aliyecheka, hata Temyo. Mimi nilitoka nje nikalia.

Tuliporudi kutoka makaburini nilishika ufagio, akaninyang'anya. Alifagia mwenyewe, polepole, kona hadi kona. Ndege ya mchana ikapita, mabati yakatetemeka. Hakuinua uso.

Simu ikalia. Sauti ya Marivic niliisikia kutoka nilipokaa.

"Mama, ameniruhusu. Nakuja Jumamosi. Masaa mawili tu, Mama, si unajua?"

Mama Ising aliegemea ufagio, akayatazama maganda aliyoyakusanya.

"Usijisumbue, mwanangu," alisema. "Huko ni mbali."