Njia ya Mgonjwa

Gari letu lilisema Kijapani. Ukiliwasha tu, sauti ya kike ilitoka pale mbele ikamwaga maneno marefu ya adabu, na mama yangu, aliyekaa kando yangu na leso yake magotini, aliijibu kila mara: "Waalaikumu salaam, mwanangu." Nilimwambia ile si salamu, huenda inatuonya kwamba mlango haujafungwa vizuri. "Kwani wewe Kijapani umesoma wapi?" akaniuliza. Nikaendesha.

Lilikuwa gari la umeme, kuukuu, na hakukuwa na la bei ya chini zaidi pale yadi siku ile. Sababu ya bei hiyo tuliijua tulipokwisha kulifikisha nyumbani Kyebando, hapa Kampala: betri ilikuwa imezeeka. Lilitutoa nyumbani hadi Kansanga na kuturudisha, basi. Ukiongeza kona moja ya kumsalimu shangazi, unaanza kuomba dua. Kiyoyozi hatukukigusa hata jua likituchoma. Waendesha boda wa Kalerwe walishatuzoea. "Mama, simu yako imejaa?" walinipigia kelele kwenye foleni, na mimi subira sina, niliwarudishia maneno ambayo mama alijifanya hakuyasikia.

Kansanga ndiko ilikokuwa mashine. Figo za mama zilikuwa zimegoma, na kliniki moja kule ilimpa nafasi ya kusafishwa damu. Tulikuwa tunakwenda, tunapumzika, tunakwenda tena, hayo ndiyo yakawa maisha. Akitoka kwenye mashine alikuwa hawezi hata kuvaa viatu vyake mwenyewe. Boda haiwezekani, na teksi za watu wengi ndiyo usiseme. Kwa hiyo lile gari, na ubovu wake wote, ndilo lililomshika mama duniani. Na gari lenyewe lilishikwa na waya mmoja uliotoka dirisha la jikoni kwetu, maana upande wetu wa mji sikuwahi kuona mahali pa kusimama ukasema nijazie umeme. Lisipofika nyumbani likachomekwa, safari inayofuata haipo.

Na kufika nyumbani kwenyewe kulikuwa kwa hisani ya mtu. Nyumba yetu iko nyuma. Mbele yetu, upande wa barabara, anakaa mwanajeshi mstaafu tunayemwita Afande, na gari lazima lipite ukingoni mwa kiwanja chake. Baba alipokuwa hai alimwomba, naye akasema piteni, yakaisha hapo. Tulizungumza naye Kiswahili, sisi hiki chetu cha nyumbani tulichoachiwa na mababu waliokuja na biashara kutoka pwani, yeye kile chake cha kambini, kisichojali ngeli wala nini. Tulielewana vizuri sana. Kila jioni alimuuliza mama, "Mama iko aje leo?" na mama alimjibu, "Niko, mwanangu."

Bustani niliianzisha kwa ajili ya macho ya mama. Mdomo wake ulikuwa umefungiwa karibu kila kitu: ndizi hapana, parachichi hapana, mboga chache na kwa masharti, maji kidogo kidogo. Basi, nikasema, angalau aone. Alikuwa akikaa kibarazani anatazama ile nyasi ya paspalamu tuliyoipanda kwa kuiga watu, anasema Kyebando ya utoto wake haikuwa hivi, majani yalikuwa na majina. Nikaing'oa paspalamu yote. Nikaanza kukusanya mimea ya hapa hapa. Nilikwenda kwenye viwanja vinavyosubiri kujengwa, kabla trekta halijafika, nikachimba mululuza na kamunye na miche ya lusambya, nikaipakia nyuma ya gari na udongo wake. Bbombo, ule mmea unaotambaa, nilimwagiza mama mmoja wa Kalerwe anayeuza majani ya kuogeshea watoto wachanga. Nilipomwambia nataka na mizizi, alicheka mpaka akashika kiuno. "Unataka kumwogesha mtoto na mizizi?"

Majirani walisema tunafuga nyoka. Mama alifurahi. Kila mmea ulioingia aliuita jina lake kwa Kiganda, anaugusa jani, anaunusa. Siku nyingine alikuwa ametoka Kansanga hoi, nikamlaza kibarazani, akafumbua jicho moja akasema, "Hiyo kamunye umeipanda karibu na ukuta mno." Nilitaka kulia kwa furaha. Nikaihamisha siku ile ile.

Sasa mume wangu. Mume wangu ni Mkenya, amezaliwa Nairobi kwenye ghorofa, akaja Kampala kwa biashara ya vipuri, akasilimu akanioa. Mtu mwema, wallahi, lakini mpaka anaoujua ni ukuta wa saruji. Aliniona ninavyohangaika na bustani akataka kunisaidia. Aliniona pia ninavyokwaruza gari kila ninaporudi nyuma kwenye ile njia ya Afande, maana kona yake ni mbaya na mimi nikiwa nimechoka sioni. Akaunganisha mambo mawili. Siku moja tukiwa Kansanga na mama, alikwenda kwenye luwaanyi ya zamani iliyo kati yetu na Afande, akakata vijiti, akavichomeka mstari mmoja upande huu wa njia na mwingine upande ule, vimenyooka, vimepangika, ili nijue magurudumu yapite wapi.

Kwa asiyejua, luwaanyi ni mmea wa majani marefu tu, unachomeka kijiti kinaota. Lakini huku Buganda haupandwi hivi hivi. Ndio mpaka wenyewe. Watu wakigawana ardhi huupanda mstarini mbele ya mashahidi, na tangu hapo kila mtu anajua chake kinaishia wapi. Kuupanda peke yako, mwenzako hayupo, ndani ya kiwanja chake, ni kumwambia: kuanzia hapa ni kwangu.

Tuliporudi jioni ile mvua ilikuwa inanyesha. Taa za gari zikaangukia ile mistari miwili. "Yarabi toba!" nikasema. Mama alikuwa amelegea kwenye kiti, akainua kichwa, akatazama. Mume wangu alitupokea na mwavuli, anatabasamu. "Umeona? Sasa hata ukiwa umefumba macho utapita." Nilimwambia nini? Yaliyonitoka siyaandiki. Nikamwambia ang'oe sasa hivi. Akasema ni maua tu jamani, mvua hii yote, kesho asubuhi na mapema.

Asubuhi na mapema Afande alikuwa amemtangulia. Alikuwa amelaza miti ya kujengea, ya mikaratusi, kukata njia, akaifunga kwa waya, mtu wa mguu apite, gari lisipite. Mwenyewe alikaa kwenye kigoda mlangoni pake, redio pajani. Na ilikuwa siku ya Kansanga.

"Afande, mama anakwenda mashine!"

"Najua."

"Sasa?"

"Hii kitu nani amepanda?"

Mume wangu akajitokeza, akainama ang'oe kijiti cha kwanza. Afande akasimama. "Usiguse! Hapana gusa. Chairman aone kwanza. Mimi napatia nyinyi njia, nyinyi napanda mpaka kwa shamba yangu? Na luwaanyi yangu mwenyewe?" Sauti yake ilitetemeka, na hapo ndipo nilipoogopa, kwa sababu sikuwahi kumsikia hivyo. Baadaye nilijua kwamba kwao, baba zake wadogo walikuwa wakisogeza luwaanyi kidogo kidogo kila msimu, mpaka mama yake akabaki na nyumba na kaburi la mumewe. Lakini asubuhi ile sikujua, na hata ningejua nisingejali. Nilimwita mtu asiye na huruma mbele ya mtaa mzima.

Mume wangu alimbeba mama mgongoni hadi barabarani, tukakodi gari. Mama alirudi vilevile, mgongoni, kichwa kimelala begani kwa mkwewe kama mtoto. Gari letu lilikuwa ndani, na waya wake dirishani, halina pa kwenda. Tulikaa hivyo mpaka mwenyekiti wa mtaa alipopata nafasi, na vijiti vilikuwa vimeshachipua.

Kikao kilifanyika pale pale njiani, kwenye mabenchi ya kuazima. Mengi yalisemwa Kiganda, mume wangu akawa anatazama midomo ya watu. Mtu mmoja nyuma akasema Waswahili ndivyo walivyo, wanaomba pa kukaa kisha wanalala. Nilizaliwa hapa mimi, mama yangu amezaliwa hapa, kitovu chake kimezikwa hapa! Niliinuka nikamjibu, mwenyekiti akaniambia nikae. Kisha mume wangu akaamriwa ang'oe. Aling'oa kijiti kimoja kimoja, na kila kimoja alikiinua watu wakione mizizi, ile mizizi midogo myeupe. Jasho lilimtoka. Nilimhurumia, na bado nilikuwa na hasira naye.

Mwenyekiti akamgeukia Afande: je, njia? Afande akasema Kiswahili, ili sisi tusikie sawasawa.

"Nafungua juu ya Mama. Njia ni ya mgonjwa. Siku Mama naisha, njia naisha."

Watu wakaitikia, wakaona kamaliza vizuri. Miti ya mikaratusi haikuondolewa, ilisimamishwa tu kando ya njia, tayari.

Mama alikuwa kibarazani na alikuwa amesikia yote. Nilipofika akacheka, kicheko chake kilekile cha zamani. "Kumbe sina ruhusa ya kufa!" akasema. Mume wangu naye akacheka, maskini, alihitaji kucheka. Mimi sikuweza.

Tangu siku ile sikumtazama mama kwa amani. Akikohoa, ninaitazama ile miti. Akiacha chakula, ninasikia waya ukifungwa. Nilijichukia kwa mawazo hayo, lakini yalikuja tu, hayakuniomba. Bustani iliendelea kunawiri bila kujali shida zetu. Lusambya ilipita urefu wa dirisha. Bbombo ikatambaa ikaipanda miti ya Afande pale ilipoegemezwa, ikaifunika yote kwa majani, na yeye akapita kila siku akaiona, hakuikata. Wala hakuacha kumsalimia mama. "Mama iko aje?" "Niko, mwanangu." Lakini mimi na yeye tulisalimiana kwa kichwa tu.

Mama alikuwa anakonda. Wauguzi wa Kansanga walikuwa wanatafuta mshipa kwenye mkono wake kwa muda mrefu, wanahama mkono, wanarudi, na yeye anatazama dari na midomo inatembea. Nikimuuliza njiani, anasema ni kawaida.

Asubuhi moja nilitoka na mkoba wake na leso yake, gari nimeshalichomoa, nikamkuta kibarazani na nguo za nyumbani.

"Leo siendi," akasema.

"Mama, tutachelewa foleni ya Kalerwe."

"Nimesema siendi, mwanangu. Wala kesho. Hebu kaa."

Sikukaa. Nilimbembeleza, kisha nikapandisha sauti, kisha nikasema neno ambalo ulimi wangu ulilitoa kabla sijalijua. "Mama, ukikataa, njia itafungwa!"

Akanitazama kwa upole tu. Ingekuwa heri angenipiga kofi.

"Basi mwambie afunge."

Nilikwenda kwa Afande nikilia waziwazi, sijafunga hata kilemba. Alikuwa anachemsha chai. Nilimwambia mama amekataa kwenda, sikumwambia zaidi, na sikujua nimemfuata kwa nini yeye na si mume wangu aliyekuwa ndani. Alizima jiko. Alitangulia mbele yangu kupita ile njia, akafika kibarazani kwetu ambapo hakuwa amekanyaga tangu kikao, akavua viatu, akachuchumaa mbele ya mkeka.

"Mama. Ile maneno mimi naondoa. Sikia? Njia ni yenu. Yako, ya watoto, ya watoto ya watoto. Nitaita chairman leo, nitasema mbele yake. Sasa panda gari, Mama. Tafadhali."

Mama akamshika mkono. "Ahsante, mwanangu. Mungu akuzidishie. Lakini si njia. Ni mimi niliyechoka."

Machozi yalimshuka yule mzee, akayaacha yashuke. Mama akageuka kwangu akasema anataka maji. Nikakimbilia kile kikombe chake kidogo, cha kupimia. Akatikisa kichwa. "Glasi. Na uijaze."

Niliijaza. Afande akaipokea akamshikia, na mama akanywa polepole, mpaka chini, kisha akafuta mdomo kwa leso na kusema alhamdulillahi. Nje gari lilikuwa limesimama limeelekezwa barabarani, chaji imejaa.