Bonane niliyokataa unga

Nikiwa bado mtoto, nyumbani kwetu Katindo, mjini Goma, tulikuwa na ruhusa ya kuchafua nyumba siku moja tu kwa mwaka, nayo ni Bonane. Asubuhi hiyo ya mwaka mpya, kabla ya misa, koko, mama mzazi wa papa, baba yetu, alikoroga unga wa muhogo na maji katika bakuli, akatupaka usoni mmoja mmoja. Papa alitangulia, mtu mzima na ndevu zake, amefumba macho. Baada ya hapo ilikuwa vurugu tupu. Kaka zangu wawili walifukuzana na unga mkavu, na mama, aliyekuwa akilalamika kuhusu viti, naye alikuwa ameficha konzi nzima ya unga nyuma ya mgongo. Usafi baada ya misa ulitutoa jasho hadi mchana. Sijaona tena fujo tamu kama ile.

Kwa koko haukuwa mchezo. Alituambia kila mwaka, «Mutu mwenye hatapakwa unga, mwaka itamuacha peke yake.»

Nilipofika miaka kumi na tatu nikajiona mkubwa. Mama alikuwa amenishonea nguo ya kitenge, nywele zimesukwa jana yake, na nilitaka wenzangu wa kwaya wanione. Koko aliponijia na mikono yake myeupe, nilirudi nyuma mpaka ukutani.

«Koko, hapana. Mimi si mutoto tena.»

«Kidogo tu, mama. Kwa paji la uso.»

«Nimekataa.»

Hakunilazimisha. Alinitazama kidogo, akaenda kunawa.

Koko alifariki kabla mwaka ule haujaisha, na Bonane iliyofuata hakuna aliyethubutu kushika bakuli. Baadaye vita vikatutawanya. Wazazi walirudi Bukavu, kaka mmoja yuko Kampala, mwingine Kinshasa. Mimi nimebaki Goma, chumba kimoja hapa Ndosho, na cherehani yangu. Ucheke ukitaka, lakini kwa miaka mingi niliamini kwamba mimi ndiye niliyeivunja familia.

Bonane hii nilimpigia simu kaka wa Kampala, nikamweleza yote. Akasema, «Sisi wengine wote tulipakwa, dada. Na angalia, kila mutu iko peke yake mahali yake.»

Maneno hayo yangepaswa kunipoza. Badala yake nilikaa kitandani nikalia, kwa sababu ndipo nilipoelewa. Koko hakuwa mtu wa kukumbatia. Alitulea kwa chakula na makaripio, na kama si Bonane, sikumbuki akigusa uso wa yeyote kati yetu. Mwaka ungeniacha tu, nikiwa na unga au bila unga. Kinachoniuma ni kwamba bibi mzee aliomba kunishika uso, nami nikamwambia hapana.