Fundi Keshokutwa na Mgeni Wake

Shangazi yangu, ambaye Mwenyezi Mungu alimchukua mwezi uliopita, alikuwa fundi cherehani, na mtaa mzima ulimwita Fundi Keshokutwa. Kila mteja aliyefuata nguo yake alijibiwa, "Njoo keshokutwa, mwanangu, nimebakiza vifungo tu." Kumbe hata kitambaa hajakikata.

Mwaka ule unga na mafuta vilipopanda bei, watu waliingia barabarani wakipiga masufuria na kuchoma matairi. Nyumbani tulikuwa na mgeni, msichana kutoka ng'ambo aliyekuja kujitolea katika zahanati yetu. Wakubwa wake wakapiga simu: gari linamsubiri nyuma ya soko, aende upesi. Na kati yetu na soko palikuwa na umati.

Mimi nilianza kusali. Shangazi alichukua utepe wake wa kupimia, akamvisha mgeni shingoni.

"Leo wewe ni mwanafunzi wangu. Nani atamgusa fundi?"

"Shangazi," nikamwambia, "wewe unasakwa na wateja wako kuliko hata waliopandisha bei!"

"Sali huko, usinichanganye."

Hatukufika mbali. Muuza mkaa, sufuria mkononi, alituziba njia. Kelele zikakatika. Mgeni akanishika mkono mpaka kucha zikaniingia.

"We mwanafunzi!" muuza mkaa akanguruma. "Suti yangu ya harusi iko wapi? Mke wangu sasa ana mimba ya pili!"

Mgeni, ambaye tangu aje kwetu alikuwa amesikia jibu moja tu la swali hilo, akasema kwa heshima zote, "Njoo keshokutwa, mwanangu. Nimebakiza vifungo tu."

Barabara nzima ikaangua kicheko. Muuza mkaa akaketi juu ya tairi ambalo halijawashwa, akafuta machozi.

"Mpisheni huyu, ameshakuwa wetu! Tumshike fundi mwenyewe!"

Wakamzunguka shangazi, huyu anadai kola, yule zipu, bei ya unga ikasahaulika. Mimi na mgeni tukapenya hadi kwenye gari. Akaondoka salama, utepe ungali shingoni.

Siku ya maziko ya shangazi, yule mgeni alipiga simu, akilia. Kisha akauliza kwa sauti ndogo kama lile gauni aliloliacha kwa fundi lilikwisha.

Nikaenda kwenye cherehani, simu sikioni. Lilikuwa limeshonwa lote, hata pindo. Namshukuru Mungu nimeliona kwa macho yangu: alikuwa amebakiza vifungo tu.

Nikaketi nalo mapajani, nikalia.

"Njoo keshokutwa, mdogo wangu," nikamjibu.