Anarekodi Sauti

Simu ya zamani ya baba ilikuwa na kitufe cha kurudi. Kilikuwa chini ya kioo, upande wa kushoto, na alikuwa amekibonyeza mpaka alama yake ya mshale ikafutika. Akipotea ndani ya simu, alikibonyeza mara nyingi mfululizo mpaka aone zile picha alizozizoea, kisha anaanza upya. Simu ile ilipokufa nikamnunulia nyingine, kubwa, mbele kioo kitupu. Ukitaka kurudi nyuma, unatelezesha kidole kutoka ukingoni kuingia ndani. Hakuna cha kubonyeza.

Baba alikuwa mkulima wa pamba kule Nkoma. Mama alishafariki, na baba aliishi pale nyumbani na dada yake, shangazi yangu, ambaye sisi tunamwita sengi. Mimi nafanya kazi Bariadi, masjala, kwenye ofisi moja ya serikali. Jumamosi niliyompelekea simu ile tulikaa barazani tangu asubuhi, nikimfundisha.

"Hii inanifukuza," alisema. "Naingia ndani, inanitoa nje. Naingia tena, inanitoa."

"Baba, kiganja chako kinagusa pembeni. Yenyewe inadhani unataka kurudi."

"Sasa nitaishikaje bila kuigusa?"

Nikacheka. Viganja vyake vilikuwa vipana na vigumu, na simu ilikaa ndani yake kama kipande cha sabuni.

Kupiga simu saa za kazi hakutaka. Aliona ni kunivamia mbele ya wakubwa zangu. Kuandika kulimchosha. Kwa hiyo nikamfundisha kutuma sauti: gusa alama ya kipaza sauti, ipandishe juu ijifunge, ongea, ukimaliza gusa mshale. Chache zilifika. "Mwadila, mayu. Huku mhola. Mvua imenyesha kidogo." Mwadila ni salamu ya kwetu, mhola ni salama, na mayu ni mama; baba aliniita hivyo tangu nikiwa mtoto.

Nyingi hazikufika. Nikiwa ofisini niliona kwenye kioo, chini ya neno Baba, maneno mawili: anarekodi sauti. Yanakaa dakika, pengine dakika mbili, halafu yanatoweka na hakiji kitu. Nilijua kilichotokea. Kiganja kimegusa ukingo, simu imemrudisha nyuma, na yote aliyosema yamepotea. Naye akiona kioo kimebadilika, anadhani imeshatumwa.

Mwanzoni nilikuwa nampigia. "Baba, haikufika. Ulikuwa unasema nini?"

"Si nimeshasema?"

"Sikuipata."

"Basi. Yalikuwa ya kawaida tu."

Hakupenda kurudia neno. Na mimi nilichoka kumwambia kila mara kwamba amekosea, nikisikia sauti yake inavyonywea. Nikaacha kumpigia. Nikawa nayaangalia yale maneno yakija na kuondoka, nikiendelea na mafaili yangu.

Siku ya Jumanne tulikuwa kwenye kikao, alasiri. Simu yangu ilikuwa juu ya meza. Anarekodi sauti. Yakatoweka. Baada ya muda kidogo yakaja tena, yakatoweka. Mara ya tatu yalikaa muda mrefu sana, mpaka mwenzangu wa kulia akanigusa kiwiko, kwani nilikuwa nimeulizwa swali na sikulisikia. Mara ya nne yalikuwa mafupi. Nikasema moyoni, nitampigia jioni. Jioni nilipata wageni, nikasahau.

Alhamisi asubuhi sengi alinipigia. Baba ameanguka mlangoni mwa zizi na hakuinuka tena.

Siku ya tatu ya matanga sengi alikuja kukaa nami nyuma ya nyumba. Ni mwanamke wa maneno machache, lakini siku ile alitaka kuongea.

"Nashukuru ulizungumza naye," alisema. "Ile Jumanne alisimama pale mwisho wa shamba, simu mdomoni, mkono mwingine ananyoosha huku na huku kama anakuonyesha kitu. Mimi nilikuwa jikoni, sikusikia. Alipoingia ndani akaniambia, leo nimeongea na binti yangu mpaka nikamaliza. Nimemwambia yote." Akaniangalia. "Ulimsikia?"

Ningesema hapana ningekuwa nimemwambia kwamba ndugu yake aliongea na upepo.

"Nilimsikia, sengi."

"Basi utafanya kama alivyokwambia."

"Nitafanya."

Walipoondoka watu nilikwenda kusimama mahali pale. Nikainua mkono kama alivyoinua. Kuna shamba la pamba, kuna ua wa minyaa, kuna kaburi la mama, kuna bati la jikoni limeshika kutu, na nyuma ya hayo kuna barabara ya vumbi ya kwenda Lagangabilili. Alikuwa ananyooshea nini? Nikageuka kila upande. Nilichukua simu yake nikaipekua, sikupata hata mwanzo wa neno. Sengi aliomba abaki nayo, nikamwachia.

Niliporudi Bariadi nilimweleza fundi simu mmoja sokoni. Akaniambia sauti isiyotumwa haipatikani tena. Halafu akaniuliza, "Mbona hamkumrudishia vile vitufe?" Akachukua simu yangu, akaingia kwenye mipangilio, akagusa mara tatu, na chini ya kioo vikatokea vitufe vitatu, mshale wa kurudi ukiwa palepale ulipokuwa zamani. Haikufika hata dakika moja. Nilimshukuru, nikatoka nje, nikakaa kwenye ngazi za duka la mtu mpaka wakaniuliza kama naumwa.

Tangu siku ile kichwa changu hakikutulia. Nikiwa napanga barua masjala, nilikuwa naunda sentensi kwa sauti yake. Mayu, lile shamba la chini. Mayu, mama yako. Mayu, sijisikii vizuri. Hili la mwisho lilinijia mara nyingi kuliko yote.

Ilipopita miezi kama mitano, mchana kweupe, niko mezani, jina la Baba likapanda juu ya kioo. Chini yake: anarekodi sauti.

Nilisimama mpaka kiti kikaanguka. Nilijua ni sengi, maana simu anayo yeye. Nilijua kabisa. Lakini mdomo wangu ulikuwa umeshasema, "Baba." Maneno yakatoweka. Yakaja tena. Yakatoweka.

Jumamosi nikapanda bodaboda mpaka Nkoma. Nilimkuta sengi anabangua karanga.

"Nimekutumia maneno mengi," alisema. "Kimya."

"Hayakufika, sengi."

Nikachukua simu, nikaweka vile vitufe, nikamwonyesha mshale. Nikamweleza jinsi kiganja kinavyogusa ukingo na maneno yanavyopotea. Alisikiliza bila kuinua macho. Halafu mkono wake ukasimama.

"Na ya kaka yangu?"

Nikamwambia. Zilikuwa nne, na sikusikia hata moja, na nilimdanganya.

Kuku walikuja wakadonoa maganda miguuni mwake, naye hakuwafukuza.

"Na mimi sijui alisema nini," hatimaye alisema. "Nilidhani unajua wewe. Nikawa nakutazama tu. Ulipojengea kaburi la mama yako nikasema, kumbe ndilo hilo. Ulipoleta bati la jikoni nikasema, aa, kumbe ni hili. Ulipozuia ndugu wasiliuze lile shamba la chini, nikasema sasa amemaliza."

"Nilikuwa nabahatisha, sengi."

"Hata mimi nilikuwa nabahatisha."

Alilia kidogo, bila sauti, akijifuta kwa upande wa kitenge. Mimi sikulia. Nilihisi kitu kimeshuka kifuani, ingawa hakikuondoka. Mpaka leo hakijaondoka. Akasogea kwenye mkeka kunipa nafasi, akanimiminia karanga mbele yangu, tukabangua mpaka debe likaisha.