Kabati la Mwaloni la Arnold Tordoff

Arnold Tordoff wa Halifax, kaskazini mwa Uingereza, alikuwa seremala, na mtaani kwao kazi ya mikono yake ilijulikana. Mlango alioupachika yeye haukulia. Dirisha alilolitengeneza yeye halikupitisha upepo, na upepo wa vilima vile unajua kutafuta pa kupenya. Lakini watu walipomtaja hawakutaja milango wala madirisha. Walisema, "Arnold yule wa peni."

Maradhi hayo yalimpata mwaka 1946, ndiyo kwanza ametoka jeshini. Alinunua samaki na chipsi, akarudishiwa chenji, na katika chenji ile ilikuwamo peni moja, sarafu ya shaba, nyeusi, imelika mpaka sura ya Malkia Viktoria imebaki kama kivuli. Akaisogeza kwenye taa ya duka akausoma mwaka wake: 1862. Akasimama pale chipsi zinapoa, anawaza imepita mikononi mwa watu wangapi, na wote wako makaburini. Mtu mwingine angeinunulia gazeti kesho yake. Yeye aliitia katika mfuko wa juu wa koti, ule usiotiwa hela, na tangu hapo hakupona.

Kwanza alitaka peni moja ya kila mwaka wa malkia yule, tangu peni za shaba mpya zilipoanza kutengenezwa mwaka 1860 hadi alipofariki mwaka 1901. Alipozipata nyingi, akaona zimechakaa, akaanza upya kutafuta nzuri zaidi. Mwisho akawa hataki ila zile zilizobaki na wekundu wao, kama zilivyotoka kiwandani kabla mtu hajazishika. Hizo hazipatikani kwenye chenji. Hizo hununuliwa. Basi kila Jumamosi akavaa kofia yake akashuka sokoni kwenye kibanda cha Cyril Oddy, muuza sarafu za zamani, na kila Jumamosi mkewe Ivy akamngoja na swali lake.

"Umenunua nini leo?"

"Peni."

"Kwa kiasi gani?"

"Pauni mbili."

"Peni moja, pauni mbili."

"Si peni hivi hivi, Ivy. Ya mwaka 1871."

"Mimi nikimpa muuza mboga pauni mbili, akanirudishia peni moja, nikaja nyumbani nacheka, wewe utamwita daktari."

Arnold akacheka, naye Ivy akacheka, akamtilia chai. Ivy alikuwa mfumaji katika kiwanda cha mazulia, mwanamke mdogo wa umbo, wa kanisani kila Jumapili, na hakuwa na choyo. Watoto hawakujaliwa. Ndugu aliyekuwa naye duniani ni mmoja tu, dada yake Connie, na Connie alihamia Australia na mumewe mwaka wa hamsini na nane, wakati ule serikali ilipokuwa ikisafirisha watu kwa pauni kumi. Ivy alimsindikiza mpaka melini, akarudi na leso ya Connie mkononi, na hawakuonana tena.

Mwaka wa sitini na mbili Ivy alikuwa amejiwekea akiba ya koti. Lilikuwa koti la sufu, jekundu la kuiva, na kila alipotoka kazini alipita kulitazama dukani. Wiki hiyo hiyo Cyril Oddy akapata peni ya 1869, na wakusanyaji wanajua jinsi mwaka huo ulivyo adimu. Arnold alirudi nyumbani, akasimama jikoni anaizungusha kofia yake mikononi.

"Sema basi," Ivy alimwambia. "Hiyo kofia haina kosa."

Akasema. Ivy akalichukua kopo la akiba akampa. "Koti litakuwapo mwakani," akasema. Mwakani halikuwapo. Akavaa lile kuukuu misimu mitatu mingine ya baridi, amelishona viwiko.

Ni kwa ajili ya koti hilo Arnold alitoa ahadi yake. Alimwambia, "Ivy, peni hizi ndizo nauli yetu. Nikimaliza mstari wote wa miaka nauza, mimi na wewe tunakwenda kwa Connie." Hakuwa anamdanganya. Aliisema kwa moyo, na Ivy aliipokea kwa moyo, na kuanzia siku hiyo alipouliza peni ya Jumamosi imegharimu kiasi gani, hakuuliza kwa mzaha tena. Aliuliza kama mtu anayehesabu maili.

Mstari ulikamilika mwaka wa themanini na tano. Cyril alikuja mwenyewe nyumbani kuziangalia, akakaa saa mbili hajagusa chai yake, kisha akamwambia, "Arnold, nazichukua leo hii. Wewe na Ivy mtapanda ndege kabla ya mwezi kwisha."

Ivy alikuwa ameshashika kifua. Arnold akasema, "Niache nizitazame kidogo. Mwaka mmoja tu."

"Mwaka mmoja," Ivy akasema, na akaondoa vikombe.

Mwaka ule kanisa lao la Wamethodisti lilifungwa, maana waumini walikuwa wamebaki wachache, wakahamia ukumbi mdogo kule chini. Mabenchi yaliuzwa. Arnold akanunua lile walilokalia wao tangu siku ya ndoa yao, benchi la mwaloni, zito, limeng'arishwa na migongo ya watu waliokufa. Akalipasua, akalipiga randa, akatengeneza kabati la droo kumi na mbili, kila droo na mashimo ya duara yaliyotandikwa kitambaa kizito cha sufu, kila peni na shimo lake. Droo zilibana sawasawa, ukiisukuma moja ndani, hewa inaisogeza nyingine nje. Hakuna kazi nyingine aliyowahi kuionea fahari namna ile. Ivy alilia alipoliona.

Kisha wezi wakaanza kuingia nyumba za mtaa ule. Waliingia kwa jirani wa kushoto, wakabeba hata saa ya ukutani. Arnold akaogopa. Nyumba ilikuwa ya kupanga, lakini hakumwuliza mtu: alichimba shimo katika ukuta wa chumba cha kulala, akaliingiza kabati, akalifunika kwa ubao, na Ivy akabandika karatasi za maua juu yake. Kitanda kikasukumwa pale. Mwaka mmoja ukawa miwili, miwili ikawa saba. Arnold alijisemea kwamba ziko salama, na kwamba kila mwaka bei inapanda. Alipojinyosha kitandani alijua ziko nyuma ya kichwa chake, akalala vizuri.

Barua ya Connie ilifika mwezi wa Agosti, mwaka wa tisini na tatu. Mumewe amekufa, na daktari ana wasiwasi na moyo wake yeye mwenyewe. *Njoo, Ivy, kabla ya Krismasi. Mwaka ujao sijiahidi.*

Ivy aliisoma mara mbili kwa sauti. Ahadi ile hakuitaja. Aliikunja tu, akaiweka karibu na sahani ya Arnold.

"Kesho," Arnold akasema. "Kesho nafungua ukuta."

Mchana ule ule Ivy akatia posta barua ya kumwambia Connie kwamba wanakuja. Asubuhi walisukuma kitanda. Ivy alishika tochi, Arnold akakata karatasi kwa kisu, ubao ukatoka. Kitu cha kwanza kilikuwa harufu. Ilikuwa kali, ya kuchoma pua, kama mtu amefungua chupa ya siki.

"Umetia kachumbari humo?" Ivy akasema.

Arnold akaingiza mkono ndani. Ukuta ule ulikuwa wa nje, unapigwa na mvua, na ubao wa nyuma ulikuwa na unyevunyevu. Droo ya kwanza ilimkatalia, imevimba. Akaivuta kwa bisibisi. Alipoifungua Ivy akasogeza tochi, kisha akaiondoa, kisha akairudisha.

Zilikuwa za kijani. Baadhi zimeota ukungu mzito wa kijani kama wa kwenye mawe ya kisima, baadhi zina vidonda, na kitambaa cha sufu kimegandamana nazo. Wekundu wote umekwenda. Akafungua ya pili, ya tatu, zote kumi na mbili. Ile ya 1869 ilipotoka, tarakimu ya mwisho ilikuwa imeliwa. Mtu angeweza kuapa ni sifuri.

Cyril alipopigiwa simu alikuja siku ile ile. Alikuwa mzee sasa, anatembelea mkongojo. Alizitazama kwa lenzi yake moja moja, polepole, kama daktari anayejua jibu na anaogopa kulisema.

"Ulizitia kwenye kabati la mti gani?"

"Mwaloni."

Cyril akaweka lenzi mezani. "Ewe Arnold."

"Mwaloni mzuri, Cyril. Umekauka miaka mia. Wa kanisani."

"Hata ungekuwa wa safina ya Nuhu. Mwaloni unatoa pumzi, na pumzi yake ni siki. Ukiufunga na shaba pasipo hewa, tena penye unyevu, unaitafuna. Ndiyo maana sisi sote tunatumia mahogani. Hakuna mtu aliyekuambia?"

Aliambiwa. Harold Crabtree, katibu wa klabu yao ya wakusanyaji, alimwambia mbele ya watu wote, siku Arnold alipokuja kujisifia kabati lake. "Mahogani, Arnold, mahogani." Na Arnold akamjibu, "Harold, wewe umeuza bima maisha yako yote. Usinifundishe mbao." Watu wakacheka. Naam, kuhusu mbao Arnold alijua kila kitu kinachohusu milango.

"Nauli ya mtu mmoja je?" Ivy akauliza. Alikuwa amesimama mlangoni na aproni yake. "Yeye abaki. Mimi niende peke yangu."

Cyril hakumtazama. "Bi Tordoff, hizi hazikufikishi hata London."

Kisha Cyril akatia mkono mfukoni. "Nitazichukua mimi, kwa chochote. Tumefanya biashara miaka arobaini na zaidi."

"Sitaki sadaka, Cyril."

"Si sadaka, mkaidi wewe."

"Basi ni nini?"

Cyril akautoa mkono mtupu, akachukua mkongojo wake.

Wiki mbili Arnold alikaa kwenye meza ya jikoni na mafuta ya zeituni na vijiti vya kuchokolea meno. Benki ilikuwa imewanyima mkopo kwa adabu, wazee wawili wa pensheni. Ikabaki yeye na vijiti. Aliloweka peni, akasugua, akaloweka tena.

"Inatoka," akasema asubuhi moja. "Tazama, Ivy. Kijani kinatoka."

Ivy akainama. "Kinatoka," akasema. "Na malkia naye anatoka."

Ilikuwa kweli. Chini ya kutu hapakuwa na sura, palikuwa na shimo. Arnold akakiweka kijiti chini.

"Laiti ningeuza mwaka ule," akasema.

Alingoja Ivy amwambie wewe hukujua, au yamepita, au Mungu ana njia zake. Maneno hayo Ivy alikuwa akiwapa watu wote. Akayangoja.

"Ungeuza," Ivy akasema, na akaenda kuanika nguo.

Jumamosi Ivy alipiga simu, saa nne asubuhi, wakati kule kwa Connie jua limeshatua. Simu yao ilikuwa chini, penye mlango wa mbele. Arnold alikaa kwenye ngazi, akisikia sauti ya Connie inatoka kwenye mkono wa simu, nyembamba, yenye furaha.

"Nimeshapaka rangi chumba chenu! Manjano. Nikasema, Ivy atoke kwenye mvua ile aamkie manjano. Mnafika lini?"

"Connie," Ivy akasema. "Connie, hatuji."

"Unasemaje?"

"Goti langu. Daktari ameniangalia, amekataa safari ndefu."

Goti la Ivy halikuwa na kitu. Kila wiki alipanda kilima cha mtaa wao na vikapu viwili. Arnold alisimama.

"Goti! Dada, wanachukua watu na viti vya magurudumu siku hizi. Mwambie Arnold aipigie kampuni ya ndege awaulize. Au ni hela? Arnold si ana zile peni zake? Ulisema—"

"Peni zipo," Ivy akasema. "Arnold alishazitoa, zote. Amefanya kila kitu. Ni mimi tu. Ni goti langu."

Arnold alishuka ngazi, akanyosha mkono apewe simu aseme ukweli. Ivy akatikisa kichwa. Akamgeuzia mgongo, akauzungusha waya wa simu kiunoni ili asimfikie, akaendelea kuzungumza habari za goti, linavyovimba, linavyouma ikinyesha, mpaka Connie akaanza kulia, naye akamnyamazisha kama anavyonyamazishwa mtoto.

Kesho yake ilikuwa Jumapili ya kwanza ya mwezi, siku ya meza ya Bwana. Walikaa mahali pao katika ukumbi wa kanisa. Mchungaji alipowaalika, watu wakasimama mstari kwa mstari wakaenda mbele kupiga magoti. Ivy hakuinuka. Tangu alipobarikiwa akiwa msichana hakuwahi kubaki kitini.

"Twende," Arnold akanong'ona.

"Nenda wewe," Ivy akasema, macho yako mbele. "Mimi nimemdanganya ndugu yangu, na akipiga tena nitamdanganya tena. Siwezi kwenda pale kuomba msamaha wa kitu ambacho sikiachi."

Arnold akataka kumwambia kwamba dhambi ile ni yake yeye, akaibebe yeye. Lakini hakuona namna ya kuibeba. Akabaki amekaa naye. Mchungaji akiwa na sahani ya mkate mkononi akawatazama juu ya vichwa vya watu, akawangoja kidogo, kisha akaufunika mkate kwa kitambaa, akaendelea na sala.