Kigango cha Babu Nilichokisafisha

Miaka ile ya themanini Malindi ilijaa watalii, na barabara ya kuelekea ufukweni ilikuwa na maduka mengi ya vinyago kuliko ya unga. Nilipata kazi katika duka mojawapo kwa sababu mbili: nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na nilikuwa Mgiriama. Hiyo ya pili ndiyo tajiri wangu aliyoitaka hasa. Alikuwa Mzungu aliyekaa pwani miaka mingi, Kiswahili akikijua vizuri, mpole, hakuwahi kunipandishia sauti hata siku moja. Nasema hivyo ili isidhaniwe kuwa nilifanya kazi kwa mtu mbaya na hivyo sikuwa na la kufanya.

Mbele ya duka tuliuza vinyago vya kawaida, twiga na vikuku na mabakuli ya mpingo. Nyuma, katika chumba chenye ufunguo wake, kulikuwa na vigango.

Kwetu bara ya Malindi, mzee wa chama cha wakubwa, aliyekuwa na heshima na mkono wa kulisha watu, akifa huchongewa nguzo ya mti mgumu. Ni bapa, ina kichwa cha duara na kifua kilichojaa nakshi za pembetatu. Husimamishwa karibu na mji, yaani boma la ukoo, ikafungwa vitambaa shingoni. Hicho ndicho kigango, na kwetu si kinyago. Ni mzee mwenyewe amerudi kukaa na watu wake. Ukipita asubuhi unamwamkia. Kukiwa na ndoa au ugonjwa anaambiwa, na anamwagiwa tembo la mnazi kidogo pale chini. Akishasimamishwa hang'olewi, hata watu wakihama.

Vilikuja dukani vimefungwa magunia, vikiletwa na watu nisiowajua, mchana kweupe. Kazi yangu ilikuwa kuvikata vitambaa, kuvipiga brashi ya viatu mpaka udongo mwekundu utoke, kisha kuvipaka mafuta. Halafu niliandika kadi ndogo ya maelezo. Ya kwanza niliandika: nguzo ya ukumbusho wa mzee. Tajiri akaisoma, akaniomba niongeze kwamba familia imehama na nguzo imeachwa.

"Lakini sijui kama wamehama," nikamwambia.

"Wangekuwepo, ingefika hapa?" akanijibu. Hakuwa na kejeli. Nadhani aliamini hivyo, au alikuwa amejizoeza kuamini. Nikaongeza yale maneno, na tangu siku hiyo niliyaandika kwenye kila kadi bila kuambiwa.

Baba yangu alikufa nikiwa mdogo. Mama alihamia Kibarani, kule Kilifi, akipika mahamri, nami nikalelewa na kaka yake, mjomba wangu, nyuma ya Marafa. Mjomba alikuwa kibarua wa chumvi Marereni. Chumvi ndiyo iliyonisomesha. Alisimama ndani ya maji makali ya mabwawa akikwangua na kukusanya, peku, kwa sababu mabuti yalikuwa ya wasimamizi. Miguu ya vibarua wale ilikuwa na mipasuko isiyofunga, kwa kuwa kila asubuhi kidonda kilirudishwa ndani ya chumvi. Walifanya mzaha kwamba wao ni papa wanaokaushwa wakiwa hai.

Mwaka mmoja kidonda cha mjomba, kifundoni, kikaacha kuwa cha mzaha. Zahanati ya kazini walimpaka dawa ya zambarau wakamwambia apumzike, na siku za kupumzika hazikuwa na ujira, basi hakupumzika. Alipoletwa hospitali Malindi mguu ulikuwa umevimba mpaka gotini na harufu yake ilimtangulia mlangoni. Kitanda kilikuwa bure. Dawa ya sindano ilikuwa imekwisha, tukaandikiwa karatasi tukanunue nje. Daktari kijana akaniita pembeni.

"Huyu ni nani wako?"

"Mjomba wangu. Ndiye aliyenilea."

"Yuko mpasuaji Mombasa, katika hospitali ya kulipia, ambaye pengine ataweza kuuokoa huu mguu. Pengine. Lakini msikae."

Nilipeleka habari nyumbani. Mjomba mkubwa, kaka yake, mzee wa mji, akasema watakaa wazungumze. Ndugu wengine wakasema msimu umekuwa mbaya. Walikuwa na mbuzi, na hata ng'ombe wawili, lakini mifugo ile ilikuwa imewekewa mahari ya kijana wa mjomba mkubwa. Siku nne zikapita. Mshahara wangu wote ulikuwa umeingia kwenye sindano.

Jioni ya siku ya tano nilikuwa nimeketi kando ya kitanda nikimpepea nzi kwa kadi tupu za dukani. Mjomba aliuliza, macho yake yakiwa kwenye dari:

"Hivi vigango unavyovisafisha, mpwa wangu, tajiri wako hupata kwa nani?"

"Huletewa na watu."

"Na anapenda vya namna gani?"

Nilijua alichokuwa akiuliza. Nimejaribu miaka yote kujiambia kwamba sikujua, lakini nilijua. Ningeweza kusema kwamba vimeacha kununuliwa, au kwamba sijui. Nikasema:

"Vya zamani. Ambavyo mchwa hawajavila. Na nakshi ziwe zinaonekana."

Baadaye akaniuliza majina ya wale wanaoleta, nikamwambia sikuyajua, lakini mmoja hukaa na pikapu yake karibu na soko. Aliniomba maji.

Siku mbili baadaye, saa sita mchana, pikapu ile ikaja nyuma ya duka. Nilifungua gunia mwenyewe. Nilikitambua kabla hakijatoka chote. Upande wa kushoto wa kifua kulikuwa na mstari mmoja wa pembetatu zilizogeuka, ncha chini badala ya juu. Mchongaji alikuwa rafiki wa babu, baba yao mama na wajomba, na siku aliyochonga alikuwa amekunywa. Nyanya alikuwa akitusimulia kosa hilo huku akicheka, akisema mume wake hata katika kufa hakupata kitu kilichonyooka. Nilikuwa nimemwamkia babu huyo kila asubuhi ya utoto wangu nikienda kuchota maji. Udongo wa chini ulikuwa bado una unyevu.

"Hiki ni kizuri," tajiri alisema. Akanitazama. "Unakijua?"

"La," nikasema. "Sikijui."

Nilikata vitambaa, chekundu, cheupe na cheusi. Vilikuwa vipya kiasi. Mjomba mkubwa alikuwa amevifunga mwaka huohuo. Nikapiga brashi. Mikono yangu ilifanya kazi kama siku zote, na hilo ndilo linalonitisha ninapokumbuka. Kisha nikaandika kadi: familia imehama, nguzo imeachwa.

Hakikukaa wiki. Walikinunua mume na mke wazee, wageni wenye adabu. Yule mama alikipapasa kifua, akasimama pale kwenye pembetatu zilizogeuka, akaniuliza watu wake wako wapi. Nikamjibu kwamba walihama zamani. Akasema ni masikitiko makubwa. Nikakubali kwamba ni masikitiko.

Mjomba aliondoka kwenda Mombasa kwa pikapu ileile. Mwenye nayo alikubali kumpeleka, nami nikafuatana naye. Tulifika Kilifi tukakuta feri imeharibika. Magari yalikuwa yamepanga mstari mpaka juu ya mlima. Tukakaa juani kutwa nzima. Mama alikuja kutoka Kibarani na uji wa moto na kanga ya kumfunika kaka yake. Wauza korosho waliokuwa wakizunguka magari wakifika kwetu walishika pua na kupita. Mama aliketi nyuma ya pikapu akakipakata kichwa cha kaka yake. Akaniuliza tu, "Mmepata wapi fedha za kumpeleka huko?" Nikasema tajiri amesaidia. Aliniangalia kwa muda, akaendelea kumpa uji. Tulivuka kwenda Mnarani jua likishuka.

Mpasuaji alituambia tulipaswa kufika juma moja kabla. Mguu ukakatwa juu ya goti.

Alirudi nyumbani kwa magongo kabla ya mvua za masika. Na mvua zilipokaribia, mjomba mkubwa akaenda na kibuyu cha tembo kumwambia baba yao kwamba wanataka kupanda. Alikuta shimo. Siku hizo maji yalichotwa upande mwingine, na hakuna aliyekuwa amepita huko kwa wiki nyingi. Siku kilipong'olewa, mji wote ulikuwa umekwenda mazikoni kijiji cha pili.

Nilikuwapo kikao kilipokaa, nikiwa na wanawake kando. Watu walitaja wezi, wakataja vijana wavivu wa Malindi, wakataka mganga aitwe ili mwizi avimbe tumbo. Mjomba akasimama kwa magongo yake.

"Msimwite mganga. Ni mimi. Niliwatuma watu kutoka kitandani."

Kisha kaka yake akauliza, kwa sauti ya chini kabisa:

"Umemuuza baba?"

"Nimemuuza."

"Baba hakuwa wako peke yako."

"Na mguu ulikuwa wangu peke yangu?" mjomba akauliza. "Nililala pale nikioza. Nani katika ninyi alifungua kamba ya mbuzi mmoja? Nikasema, baba angalikuwa hai angaliuza shamba. Basi nikamwomba yeye. Kwa nini nisimwombe yeye?"

"Angekuwa hai angekataa au angekubali kwa kinywa chake," kaka yake akasema. "Wewe umekubali kwa niaba yake."

Wote wawili walikuwa wanalia. Mimi nilikaa nimeinamisha kichwa. Mjomba hakunitaja. Alikuwa na nafasi ya kusema ni nani aliyemweleza vigango vinavyotakiwa, na hakusema, wala hakunitupia jicho. Na mimi sikusimama.

Hawakumpiga, hawakumfukuza. Waliacha tu kula naye. Mbuzi alipozaa wafu, macho yalielekea kwake. Mtoto wa binti wa mjomba mkubwa alipopata homa akafa, walimzika bila kumwita mjomba, ingawa kibanda chake kilikuwa hatua thelathini kutoka kaburini. Mkewe alivumilia mpaka mavuno, kisha akarudi kwao. Nilimpelekea mjomba unga na sabuni kila mwisho wa mwezi, na kila mara alinipokea kama mtoto wake.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

Siku moja akaniuliza: "Baba yuko wapi?"

Nikaenda kwa tajiri nikamwambia ukweli, kwamba kile kigango kilikuwa cha babu yangu, na ndugu wanakitaka. Aliketi. Alionekana kuumia kweli. "Nilikuuliza," akasema. "Nilikuuliza kama unakijua." Alisema kilichopita bahari hakirudi. Kisha akafungua droo akanionyesha picha waliyoituma wale wazee kwa shukrani. Babu yangu alikuwa amesimamishwa kwenye sakafu inayong'aa, kando ya ngazi, taa ikimmulika kutoka chini. Tajiri aliniambia niichukue.

Sikumpa mjomba ile picha. Niliogopa. Nilimweleza tu kwa maneno.

"Wamemsimamisha au wamemlaza?" akauliza.

"Wamemsimamisha."

"Nje?"

"Ndani ya nyumba."

"Amevaa vitambaa vyake?"

"Hana."

Alikaa akikisugua kile kisiki cha paja, ambacho hakikuwa kimefunga vizuri. "Nasikia huko kuna baridi," akasema.

Kisiki kikaanza kutoa usaha mwaka uliofuata. Nilimwomba turudi hospitali, nikamwambia nitakopa, nitafanya lolote. Alikataa kwa upole, kama mtu anayekataa kikombe cha pili cha chai. "Safari hii hakuna wa kumuuza," akasema, na nilipoanza kulia alinipigapiga mkono. Alikufa siku ya soko. Mjomba mkubwa alikuja akasimama mlangoni, akauona mwili, akaingia akamfumba kaka yake macho kwa mkono wake mwenyewe. Kisha akatoka akaamuru kaburi lichimbwe nje ya mji, upande wa vichaka. Yote mawili aliyafanya katika saa moja, na sijui mpaka leo lipi lilikuwa moyo wake.

Watu hudhani niliacha kazi. Sikuacha. Nilisafisha vigango vingine mwaka mzima na zaidi. Nilikuwa na mama wa kulisha, na nilijiambia kwamba vingekuja hata kama si mimi ninayeshika brashi. Hilo ni kweli, na halijanisaidia. Duka lilifungwa kwa sababu tajiri aliugua akarudi kwao.

Nilirudi Kibarani kukaa na mama. Asubuhi moja tukikanda unga wa mahamri nikamweleza yote, tangu swali la mjomba kitandani mpaka jibu langu. Hakuacha kukanda.

"Nilijua tangu siku ile ya feri," akasema. "Nani mwingine angemwonyesha njia?"

"Na hukuniambia kitu."

"Ningekuambia nini? Ningekuwa na la kuuza, ningeliuza mimi. Na nilimpa uji, nikijua fedha za safari ile zimetoka wapi."

Akanikataza kuwaambia kaka zake waliobaki. Laana ya wajomba, alisema, haina mganga. Nikamtii. Walikufa mmoja baada ya mwingine, mjomba mkubwa akiwa wa mwisho, na kwenye maziko yake walinipa nafasi ya mbele, wakisema mimi ndiye niliyemtunza mdogo wake mpaka mwisho. Niliketi hapo mpaka udongo ulipokwisha kurudishwa.